Makala Isiyokuwepo

Mkuu wa kituo alikuwa amempa hadi saa kumi alasiri. Baada ya hapo jalada la binti wa chuo lingefungwa kwa neno moja, "amejiua", na kila mtu angerudi kwenye shughuli zake. Mpelelezi, mwanamke ambaye kituoni walimwita Bi Taratibu kwa sababu hakuwahi kuruka hatua hata alipobembelezwa na wakubwa, aliingia maktaba ya chuo saa mbili na nusu asubuhi akiwa na mfuko wa vielelezo kwapani na uso wa mtu asiyetaka kukaribishwa chai.

Kesi yenyewe ilionekana nyepesi, na wepesi huo ndio uliomkera. Binti alikuwa mwaka wa mwisho, akiandika utafiti wa kumalizia masomo. Ijumaa kabla ya kifo chake mhadhiri wake alimtuhumu kwamba amebuni makala: aliitaja kwenye marejeo, akaijengea nusu ya hoja zake, na mhadhiri alipoitafuta hakuiona popote. Akapewa hadi Jumatano ailete, la sivyo afike mbele ya kamati ya nidhamu, na jina lake likabandikwa kwenye ubao wa matangazo. Jumanne, saa nne na dakika kumi na tisa asubuhi, alitoka mbio kwenye geti la chuo akaingia barabarani mbele ya lori la mchanga. Dereva aliapa kwamba msichana alikuja mwenyewe, hakutazama kushoto wala kulia. Wengi waliridhika hapo.

Bi Taratibu alikuwa na vitu viwili visivyokaa sawa. Cha kwanza ni karatasi tisa zilizookotwa mtaroni karibu na mwili, zimelowa, wino umechujuka, hazina ukurasa wa mbele. Askari wa zamu alikuwa ameandika kwenye orodha "karatasi chakavu" akaishia hapo. Chini ya kila karatasi namba bado ilisomeka, kuanzia 211 hadi 219. Cha pili ni taarifa kutoka kampuni ya simu. Kuanzia saa nne na dakika mbili, binti alimpigia baba yake mara saba, na hakuna hata simu moja iliyopokelewa.

Na baba, siku moja kabla, alikuwa amemwambia Bi Taratibu bila kupepesa macho kwamba mwanawe hakumpigia.

Huyo baba alikuwa mwendesha mashine ya kusaga nafaka, aliyefiwa na mke, mpana wa mabega, unga umemkaa hadi kwenye nyusi. Bi Taratibu hakumpenda. Alimuuliza kama binti alikuwa na marafiki wa karibu, akajibiwa kwamba alikuwa na miaka ishirini na miwili. Alipouliza tena, mzee alisogeza kigoda akakaa upande wa pili, akamkazia macho mdomoni kama anayengoja uongo utoke. Alikiri kwamba Jumapili waligombana.

"Nilimuuliza, umeibuni au hukuibuni? Akawa ananong'ona," alisema. "Mwaka huu wote kazi yake kunong'ona. Zamani tulimwita Kasuku, nyumba nzima ilikuwa haipumui kwa maneno yake. Mtu mwenye ukweli hanong'oni, mama. Nikamwambia asinipigie mpaka awe na kitu cha kunionyesha."

Kuhusu Jumanne alikuwa na hakika zote. Umeme ulikatika saa tatu na nusu, ukarudi saa sita. Mashine ilikuwa kimya, wateja wamekwenda zao, yeye kakaa peke yake juu ya magunia. Simu ilikuwa pale pale, kwenye mfuko wa shati lililotundikwa msumarini ili lisiingie unga. Kioo chake kilikufa mwaka jana, kwa hiyo hakuweza kuona nani kapiga, lakini binti mwenyewe alikuwa amemwekea mlio mkubwa kuliko yote iliyomo. Ingelia angesikia. Bi Taratibu aliandika daftarini, *anadanganya*, akapigia mstari.

Mkutubi alikuwa mama wa makamo mwenye penseli mbili kichwani na ya tatu aliyokuwa akiitafuta mezani. Aliposikia ni habari za marehemu, aliacha kutafuta. Alisema alikuwa akingoja mtu aje amuulize, siku ya tisa sasa, na hakuja hata mfagiaji.

Maktaba hiyo ilikuwa na utaratibu wake. Kila anayeandika utafiti hujaza fomu ya utafutaji, na nakala hubaki kwenye faili la mkutubi. Safu ya kwanza ni tarehe, ya pili databesi, yaani hifadhi ya makala mtandaoni, aliyoingia, ya tatu maneno aliyotafutia, ya nne vichujio alivyoweka au kuondoa, ya tano idadi ya makala zilizojitokeza. Wanafunzi waliichukia fomu hiyo kupita mtihani, wengi waliijaza usiku wa kuamkia siku ya kukabidhi, kwa namba za kubahatisha. Ya binti huyu ilikuwa ya karatasi nne, mwandiko wa kusimama, tarehe hazirukani. Bi Taratibu aliisoma taratibu akahisi uchungu mpya ambao hakuutarajia. Hapa palikuwa na mtu wa taratibu mwenzake, na angependa kuwa amemjua.

Juu ya fomu kulikuwa na mada: upotevu wa usikivu kwa waendesha mashine za kusaga nafaka.

"Baba yake ana mashine," mpelelezi alisema.

"Kila mtu hapa anajua. Binti alikuwa akija na unga kwenye mkoba."

Bi Taratibu aliomba warudie kila mstari kama ulivyoandikwa, tangu wa kwanza. Mkutubi aliingia kwenye databesi. Kelele na usikivu, makala elfu moja mia tatu na kumi na mbili. Fomu ilisema hivyo hivyo. Wakaongeza wafanyakazi, zikabaki mia mbili na tatu, sawasawa na fomu. Wakaongeza mashine za kusaga.

"Nne," mkutubi alisema.

Fomu ilisema saba.

Mpelelezi alitoa kwenye mfuko karatasi aliyopewa na ofisi ya nidhamu. Ilikuwa chapa ya utafutaji wa mhadhiri mwenyewe, ushahidi aliouambatanisha kwenye tuhuma, na maneno yalikuwa yale yale kwenye databesi ile ile. Nayo ilisema nne. Hapo mtu mwingine angefikia jibu jepesi, kwamba binti alitia chumvi, akaongeza tatu za kwake. Mkutubi alitazama meza. Ilionekana kwamba hata yeye, kwa dakika hiyo, imani ilimpungua.

"Mistari ya juu ililingana," Bi Taratibu alisema. "Anayedanganya hadanganyi mstari mmoja tu. Nionyeshe safu ya nne."

Wakasogeza vichwa juu ya fomu. Mbele ya mistari miwili ya kwanza binti hakuandika kitu. Mbele ya wa tatu aliandika maneno matatu: *nimeondoa ile tiki*.

Mkutubi alivua miwani. Alieleza kwa sauti ya chini, na mpelelezi alilazimika kumwambia arudie. Databesi huorodhesha makala nyingi kuliko zile ambazo maktaba imezilipia. Zisizolipiwa huonyesha ikisiri tu, yaani aya moja ya muhtasari, na ukibofya zaidi hazifunguki. Wanafunzi walilalamika sana, hivyo mwaka juzi maktaba yenyewe ilipanga kwamba ukishachuja ukafika makala chini ya mia, kisanduku cha "makala kamili tu" kijitie tiki chenyewe. Zisizofunguka hujificha. Walibandika tangazo mlangoni, likadumu wiki moja likaanguka.

Alikishusha kipanya hadi pembeni ya skrini, kwenye kisanduku kidogo ambacho mtu haangalii, akabofya. Tiki ikatoka. Nne zikawa saba.

Ya tano katika hizo saba ndiyo ilikuwa makala ambayo haikuwepo. Jina lake lilikuwa lile lile, mwandishi yule yule, na jarida ni la zamani ambalo maktaba haikuwahi kulilipia. Kurasa 209 hadi 219.

Bi Taratibu alitoa karatasi za mtaroni zilizokaushwa, akazipanga mezani moja moja, 211, 212, mpaka ya mwisho. Mkutubi alifungua droo akatoa kijitabu cha maombi. Tangu mwezi uliopita binti alikuwa ameomba makala hiyo iazimwe kutoka maktaba nyingine. Ilikuja Jumanne asubuhi. Saa tatu na nusu mkutubi alimtumia ujumbe, na saa nne kasoro dakika tano binti alikuwa hapo, anahema. Alisaini, akachapisha kurasa kumi na moja, akazihesabu mara mbili.

"Alikuwa na hali gani?"

"Alikuwa anacheka, afande. Alinishika mkono huu hapa. Akasema, mama, ngoja kwanza nimpigie baba, mhadhiri atasubiri." Mkutubi aliitazama kaunta. "Akapiga palepale hapo. Nikamnyooshea kidole kwenye kibao cha ukutani. Simu nje. Mimi ndiye niliyemtoa nje."

Mpelelezi alimwambia kwamba kibao kilikuwa sahihi. Lilikuwa neno dogo sana kwa mzigo ule, na wote wawili walilijua hilo.

Mhadhiri aliitwa. Alikuja na koti lake na haraka zake, akaeleza akiwa amesimama kwamba ameshatoa maelezo yake yote. Mwaka huu pekee wanafunzi kumi na mmoja walimletea makala zilizotungwa na kompyuta, zina majina mazuri na hazipo duniani. Alipoikosa ya binti huyu hakushangaa, alisikitika tu, kwa sababu alimdhania mwingine. Bi Taratibu alimgeuzia skrini. Mhadhiri alisoma mstari wa tano, akasogea, akausoma tena.

"Fomu yake ulikuwa nayo?" mpelelezi aliuliza.

"Nilikuwa nayo."

"Safu ya nne uliisoma?"

"Mimi nasoma hoja. Fomu ni mambo ya maktaba." Kisha macho yake yakatua kwenye yale maneno matatu, na mtu mzima yule akavuta kiti akakaa bila kukaribishwa. Aliuliza kama jina la binti bado lipo kwenye ubao. Lilikuwa bado lipo. Akainuka, na kupitia dirishani walimwona akivuka uwanja peke yake kwenda kulibandua kwa kucha.

Saa tano na robo Bi Taratibu alimpigia mkuu wake. Binti alikuwa na ushahidi mkononi, alisema, ametoka kuusaini, anacheka. Alitoka nje kwa kuwa haruhusiwi kupiga simu ndani. Mlinzi wa geti anakumbuka kwamba alipiga na kupiga, kisha akaliona gari la kwenda kwao linaondoka ng'ambo ya barabara, akalikimbilia huku simu ingali sikioni. Andika ajali. Mkuu wa kituo alinung'unika kwamba ajali ina makaratasi mengi kuliko kujiua, lakini akakubali. Kisha akauliza na yule baba je, mwenye kusema uongo.

"Namalizia hilo," alijibu.

Alidhani anakwenda kumbana mzee. Alirudi kaunta kuchukua nakala safi ya makala, ili aiambatanishe, na kwa mazoea yake hakuichukua kabla ya kuipitia. Kwenye ukurasa wa 214 alikuta aya ambayo binti, katika rasimu ya utafiti iliyokuwa kwenye jalada, alikuwa amenukuu muhtasari wake tu kutoka kwenye ikisiri. Watafiti walipima masikio ya waendesha mashine mia na ishirini. Wengi wao, waliandika, hawasemi kwamba hawasikii, na wengine hawajui. Huanza kutazama midomo. Hugeuza kigoda ili sikio zima likae upande wa msemaji. Hujibu swali ambalo hawakuulizwa. Na kwa mke na watoto hulalamika jambo moja, kwamba siku hizi watu wa nyumbani wananong'ona.

Bi Taratibu alifungua daftari lake kwenye ukurasa wa mahojiano. Akalitazama neno aliloandika na mstari alioupiga chini yake. Halafu akalikata.

Mashine ilikuwa inasaga alipofika. Mwanamke mmoja alisimama mlangoni na ndoo akingoja zamu yake. Mzee alimwona mpelelezi, akazima mota, na ule mngurumo ukashuka polepole hadi chumba kikawa kimya kabisa. Alikuwa kifua wazi ndani ya koti la kazi. Shati lilining'inia msumarini nyuma yake, mfuko umevimba kwa simu.

Bi Taratibu hakukaa pembeni kama jana. Alivuta debe tupu akaligeuza, akakaa mbele yake uso kwa uso, akasema polepole, midomo wazi. Mzee alielewa kila neno. Jana yote hakujibu hata maswali mawili kwa mfululizo, leo hakukosea hata moja. Alipewa ile nakala, akaishika kwa ncha za vidole asiichafue.

"Kwa hiyo ipo," alisema.

"Ipo."

"Hakuibuni."

"Hakubuni hata mstari, baba. Na hakujitupa. Alikuwa anakuja huku kukuonyesha."

Mzee alifunika uso kwa viganja. Alilia bila sauti, mabega yanapanda na kushuka, na alipotoa mikono unga ulikuwa umefanya njia mbili mashavuni. Aliuliza utafiti wenyewe ulihusu nini, hajawahi kuelewa, kila mtoto alipoeleza alikuwa akinong'ona. Bi Taratibu alimwambia ulihusu watu wa mashine. Akamwambia binti aliandika, kwenye ukurasa wa shukrani, kwamba kazi hiyo ni ya baba yake, naye ndiye atakayepimwa wa kwanza ikimalizika.

Mzee alirudisha macho kwenye nakala. Kisha akauliza lile ambalo mpelelezi aliliogopa tangu maktaba.

"Lakini mama, kama alikuwa nayo mkononi, mbona hakunipigia?"

Jalada lilikuwa limeshafungwa. Hakuna sheria iliyomtaka ajibu. Angeweza kusema mtandao ulisumbua, mzee angelala na hilo maisha yake yote, na hakuna mtu ambaye angemlaumu. Kwa mara ya kwanza katika kazi yake Bi Taratibu alitamani kuruka hatua. Lakini akifanya hivyo, huyu mtu angeishi akiamini kwamba mwanawe alishika neno lake la Jumapili, kwamba alikufa amenuna. Na binti hakufa amenuna.

"Alikupigia," alisema. "Mara saba. Tangu saa nne na dakika mbili mpaka mwisho."

"Hapana."

"Ninayo karatasi ya kampuni."

"Karatasi na ikosee. Umeme ulikuwa umekatika, mama, nimekwambia. Palikuwa kimya kama sasa hivi. Nilikaa hapa hapa nilipokaa." Hakuwa na hasira, alikuwa akimwelewesha kwa upole, kama mtu mzima anavyomwelewesha mgeni njia. "Mimi masikio yangu mazima. Nipigie sasa, uone kama sitaisikia."

Mpelelezi alitoa simu yake. Namba alikuwa anaijua kwa kichwa. Alibonyeza, akaishusha simu mapajani, na nyuma ya mzee, ndani ya shati, kengele ikaanza kulia, kengele kubwa ya shule ambayo binti aliichagua kati ya milio yote. Ililia hadi mwanamke wa mlangoni akageuka kulitazama shati, kisha akamtazama mzee, kisha akaweka ndoo yake chini.

Mzee alikuwa amekaa wima, viganja magotini, ametega sikio, anamtazama Bi Taratibu machoni kwa subira.

"Haya," alisema. "Nakungoja wewe. Piga."